Msimu wa mvua, hesabu za vitendo darasa la 3?

Walimu wenzangu, mvua imeanza na watoto macho yote dirishani, nataka hesabu na uhandisi wa kushika kwa mikono, mnafanyaje?

> Tengenezeni kipima mvua: kata chupa ya plastiki, kichwa kigeuze kiwe faneli, bandika rula. Ila kitako kina mabonde, mimina kokoto na maji mpaka pale pande za chupa zinaponyooka, hapo ndo sifuri ya rula. Mi nilisahau, vipimo vikawa vituko 😂

> Afu milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, wapime eneo la sakafu wazidishe kwa milimita za mvua, wangu walibishana hadi kengele

> Wajenge paa za mirija ya kunywea soda pia. Tulipozisukuma, fremu ya mraba ililala, ya pembetatu ikagoma kabisa

Asanteni, kesho naanza na chupa