Pedali ya fazi na okteva: fazi iko sawa, okteva inapotea

nyuzi_za_umoja
Habari zenu wadau, naomba mnisaidie. Nimejijengea pedali ya gita ya fazi (ile sauti ya kukwaruza) yenye okteva ya juu, yaani inaongeza nota ileile ikiwa juu mara mbili, ile ya transista moja inagawa sauti mara mbili halafu dayodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za germaniamu, nimeifunga ndani ya kopo la bati la majani chai kwa sababu kwa plastiki mvumo wa stima ulikuwa mwingi sana. Fazi inanguruma vizuri. Okteva ndio shida, nikipiga kwa nguvu naisikia kidogo tu, nusu sekunde hivi, halafu inazama. Nimebadilisha betri, nimerudia solda zote. Dayodi nilinunua huko Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi, nikaambiwa zote ni germaniamu.

fundi_redio_kayole
Toa multimita kwanza, usibadilishe kitu. Inua mguu mmoja wa kila dayodi utoke kwa bodi halafu pima. Germaniamu inasoma kama volti 0.25 hadi 0.35, silikoni 0.6 hadi 0.7, na zote ni vioo vidogo hivyo macho hayatakusaidia. Pima pia resista ya kolekta na ya emita, ile miguu miwili inayotoa sauti kwa hiyo transista, ya juu (kolekta) ikiwa ohm 10k ya chini pia iwe 10k.

Sababu ni hii. Transista inatoa mawimbi mawili, moja likipanda lingine linashuka, kila dayodi inapitisha kilele cha upande wake, zikikutana unapata vilele viwili pale palikuwa na kimoja, ndio maana nyuzi ya tano wazi ya 110 Hz inatoka ikiwa 220. Sasa dayodi moja ikiwa nzito kufunguka kuliko mwenzake kilele kimoja kinakuwa kikubwa kingine kidogo, sikio linarudi kwa nota ya chini. Na nota ikianza kufifia ile nzito inafunga kwanza.

solo_ya_juu
Na usiitafute okteva kwa freti za chini, huko hata pedali nzuri inakuwa dhaifu. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gita) ya upande wa shingo, funga toni ya gita, kaa freti ya saba hadi ya kumi na mbili na kupita. Sisi wa benga mikono inaishi huko juu tayari, kwa hivyo hii pedali inatufaa sana, nashangaa watu wachache wanaijaribu.

nyuzi_za_umoja
Resista ziko sawa. Dayodi moja 0.30, ingine 0.64!!

fundi_redio_kayole
Hiyo ya pili ni silikoni, umepata mwizi wako. Tafuta redio ya zamani ya AM iliyokufa, angalia vile vikopo vidogo vya chuma vyenye skrubu ya rangi juu, dayodi ya germaniamu hukaa karibu na cha mwisho. Ukiitoa shika mguu wake na koleo, joto la solda linaiua haraka. Na redio ikiwa na transfoma ndogo yenye waya tatu upande mmoja usiitupe tafadhali, pedali za okteva za zamani zinazoitwa Octavia, ile familia iliyoanza na fundi Roger Mayer kumtengenezea mpiga gita Jimi Hendrix mwaka 1967, kuna zilizogawa sauti kwa transfoma kama hiyo.

solo_ya_juu
Ukiwa bado umefungua kopo weka swichi ndogo ikate dayodi moja. Ikikatwa okteva inapungua sana unabaki na fazi ya kawaida, pedali mbili kwa kopo moja.

nyuzi_za_umoja
Nimepata redio mbovu Gikomba, sasa nina 0.30 na 0.31. Wadau, nyuzi ya pili freti ya kumi, nota inafunguka juu kama filimbi na inakaa hadi mwisho, nimeipiga hiyo nota moja jioni yote hadi jirani akagonga ukuta. Asanteni sana kwa kweli. Lakini nikipiga nyuzi mbili pamoja inatoka kelele kama redio kati ya stesheni, nimeharibu kitu?

fundi_redio_kayole
Hujaharibu. Mawimbi mawili yakipita hapo yanazaa nota za ziada, jumla yao na tofauti yao, na nyingi hazikai kwa wimbo wako. Piga moja moja. Swichi weka upande wa jeki ya kuingilia, betri isiiguse.