Dodoso la wakulima wa zabibu: Google Forms, KoboToolbox au LimeSurvey kwa upande wa mpangilio wa maswali?

ZabibuChungu (mwanzisha mada)
Mbukwenyi wakuu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na dodoso langu lina maswali 38. Walengwa ni wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Nimelijenga kwa Google Forms, ile programu ya Google ya kutengeneza fomu za mtandaoni.

Sehemu C ndiyo inanitesa. Kuna sentensi 9 kuhusu bei na masoko, kila moja inajibiwa kuanzia "Sikubaliani kabisa" hadi "Nakubaliana kabisa". Nimeziweka kwenye jedwali, na kwenye laptop linapendeza mno. Juzi nikajaribisha kwa watu 12, kila mtu kwa simu yake. Majibu karibu yote yakarundikana safu tatu za kwanza. Nikasema basi, wakulima wamekata tamaa na bei, nikaanza hata kuandika aya ya sura ya nne! Baadaye nikaazima simu ya mzee mmoja. Kumbe safu mbili za mwisho hazionekani mpaka uvute jedwali pembeni kwa kidole, na hakuna aliyejua kuna kitu cha kuvuta.

Nihamie KoboToolbox (Kobo) au LimeSurvey, ambazo nazo ni programu za madodoso? Halafu nataka swali la kiasi na la kipimo chake (kilo, kreti au tenga) yakae mstari mmoja, kama kwenye karatasi.

Karani_wa_Kibaigwa
Pole mkuu, ila hiyo aya ya sura ya nne imenichekesha.

Kabla ya kuchagua programu, tuambie nani anashika simu. Mkulima mwenyewe au mdadisi? Mimi nilikuwa karani wa sensa 2022, nimezunguka na kishikwambi hadi viatu vikaisha soli. Mhojiwa haoni skrini, anasikia sauti yako tu. Hapo jedwali lipendeze lisipendeze ni juu yako wewe unayesoma. Akishika mwenyewe ndiyo mpangilio unakuwa kila kitu.

BintiKondoa
Kabla hujahama, vunja hilo jedwali hapohapo Google Forms. Kila sentensi iwe swali lake la kuchagua jibu moja, majibu matano yakishuka chini kama ngazi. Kidole gumba kimezoea kushuka, pembeni hakiendi. Kisha zigawe sehemu tatu, sentensi tatu kila ukurasa, ili mtu asifungue akakuta fomu ndefu kama treni ya mizigo akaikimbia.

Usidanganyike na lile swali la skeli ya 1 hadi 5. Maneno yanakaa kwenye ncha mbili tu, katikati ni namba tupu. Mwulize mzee "3" ni nini, atakwambia ni tatu.

FundiSeva
Nyote mnazunguka mbuyu. LimeSurvey inakupa uhuru ambao hao wengine hawana: unaamua swali moja kwa ukurasa, kundi kwa ukurasa au yote pamoja, aina za majedwali ni nyingi, na ukijua CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, unabadilisha mwonekano wote. Halafu ni programu huria.

BintiKondoa
@FundiSeva na seva ataipandisha nani, wewe? Akaunti yao ya bure ina kikomo cha majibu. Mtu ana maswali 38 na msimamizi anayemsumbua, unamtuma akajifunze CSS?

FundiSeva
Sawa dada, nimenyamaza. Ila akitaka nitamsaidia, niko Area D.

TakwimuMtaani
Nimetumia Kobo miaka kadhaa, Bahi na Chamwino. Hilo la kiasi na kipimo linawezekana, lakini kuna mtego. Google Forms haikuruhusu kabisa kuweka maswali mawili ubavu kwa ubavu. Kwenye Kobo unachagua mtindo wa fomu wa gridi, kisha kwenye sehemu ya mwonekano ya kila swali unaandika upana wake. Kiasi ukikipa w2 na kipimo w2, yanagawana mstari nusu kwa nusu. Jina la mkulima ukilipa w3 na umri w1, jina linachukua robo tatu. Inatoka kama karatasi kabisa.

Mtego ni huu: upana huo unafanya kazi fomu ikifunguliwa kwenye kivinjari tu. Wadadisi wakitumia KoboCollect, ile app ya Kobo ya kwenye simu, inaupuuza. Kawaida inaleta swali moja kwa kila skrini, unatelezesha kwenda linalofuata. Ukitaka mawili yaonekane pamoja, yaweke kwenye kundi na uwashe chaguo la kuonyesha kundi zima kwenye skrini moja. Yatakaa juu na chini. Mimi naona inatosha.

Jedwali la makubaliano lipo pia, ila kwa simu ndogo "Sikubaliani kabisa" inabanana hadi inasomeka kama kipande cha gazeti la kufungia vitumbua. Faida kubwa ya Kobo kwako ni kwamba fomu inajazwa bila mtandao, mnatuma jioni mkirudi mjini. Mkulima hatumii bando lake.

Karani_wa_Kibaigwa
Na usibadilishe fomu hiyohiyo iliyokwisha kupokea majibu. Ukifuta jedwali ukaweka maswali mapya, lahajedwali linaongeza safu mpya, za zamani zinabaki palepale. Toa nakala, anza upya, yale majibu 12 yaweke kando.

ZabibuChungu
Asanteni sana. Nimehamia Kobo, wadadisi wawili, KoboCollect. Sentensi 9 nimezitenganisha, moja kwa skrini. Kiasi na kipimo viko kundi moja, juu na chini.

Jana tumejaribu kwa watu watano Mpunguzi. Sehemu C imepita vizuri, na safari hii hata "Nakubaliana kabisa" imepata watu. Tumekwama pale kwenye kipimo: nilikuwa nimeweka kilo, kreti na tenga. Mama mmoja akamtazama mdadisi, akainua ndoo yake akamwonyesha.

TakwimuMtaani
Ongeza ndoo. Na uulize ni ya lita ngapi.