Kwa nini lobelia ya Rwenzori haifi ilhali barafu huganda ndani yake usiku?

Mwalimu wa Baiolojia, Kasese

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Januari, nilipopanda Rwenzori pamoja na mjomba wangu, ambaye amebeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka mingi. Tulilala Bujuku, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ambao mbingu ilikuwa wazi kabisa. Asubuhi, kabla jua halijafika bondeni, niliinamia lobelia mojawapo kati ya zile kubwa za majimaji, ambazo wataalamu huziita Lobelia bequaertii, na ambazo majani yake yamepangana kama bakuli lililojaa maji. Juu ya maji hayo palikuwa na barafu yenye unene wa kioo cha dirisha. Niliivunja kwa kidole gumba, nikatumbukiza vidole chini yake, nikakuta maji yenye uteute, ya baridi kali lakini hayajaganda, na katikati kabisa kichipukizi cha kijani kilicho kizima.

Asubuhi hiyo hiyo, bogoya, yaani ndizi za kuliwa mbivu, tulizotoka nazo Kasese zilikuwa zimegeuka maganda yake kuwa meusi, ingawa hazikuganda. Mafuta ya mawese ya mjomba yalikuwa yameshikamana katika chupa hata ikabidi tuyapashe moto, ilhali mafuta ya alizeti ya wapishi wa kundi la jirani yalimiminika kama kawaida.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliponiuliza lobelia inawezaje kustahimili, niliwajibu kwamba "imezoea baridi". Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi. Je, ni nini hasa kinachotendeka ndani ya seli zake?

Mwanafunzi wa Baiokemia, Kampala

Mwalimu, salamu kwako na kwa mjomba. Sehemu kubwa ya jibu mlikuwa nayo jikoni. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo katika mawese ni zile zilizokifu, yaani minyororo yake imenyooka, nayo hulaliana kwa urahisi kama kuni zilizochanjwa vizuri. Katika alizeti nyingi zina vifungo maradufu vinavyoipinda minyororo, na kuni zilizopinda hazipangiki zikabanana. Ndiyo sababu mafuta ya jirani yalimiminika na yenu yakagoma.

Utando wa seli umejengwa kwa molekuli za jamii hiyo hiyo. Ndani yake zimo protini zinazopitisha chumvi, sukari na maji, nazo hufanya kazi iwapo tu utando ni laini kiasi cha kuziruhusu zicheze. Baridi ikiufanya utando ukakamae, protini hukwama na utando huanza kuvuja. Bogoya ni mmea wa mabondeni, na hata nyuzi 12 tu za selsiasi zinatosha kuidhuru. Utando wake ulipovuja, kemikali ziitwazo fenoli, zilizokuwa zimehifadhiwa peke yake, zilikutana na kimeng'enya cha kuzioksidisha, na weusi mliouona kwenye maganda ni zao la mkutano huo. Kwa hiyo ndizi zenu ziliharibika bila barafu kuhusika hata kidogo.

Mimea inayostahimili baridi ina vimeng'enya viitwavyo desaturasi, ambavyo huongeza vifungo maradufu katika mafuta ya utando, hivyo utando hubaki laini. Viumbe wengi wa baridi, kuanzia bakteria hadi samaki, hutumia njia hiyo, na kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote niliyosoma, kwa kuwa kanuni moja inaeleza chupa ya mafuta, ganda la ndizi na uhai wa mmea mzima.

Mwongozaji wa Milimani, Kapchorwa

Nami niongeze ya upande wetu wa Elgon. Tukielekea kilele cha Wagagai, mita 4,321, huwa tunapita kwenye senesio kubwa, zile zinazofanana na mtu aliyevaa joho la majani makavu. Mmea huu hauangushi majani yake yaliyokufa, bali huyaacha yazunguke shina, na wakati wa usiku majani hayo ni blanketi linalozuia maji ya ndani ya shina yasigande. Majani mabichi ya kileleni hujikunja jioni yakakifunika kichipukizi. Alfajiri nimeyashika mara nyingi yakiwa magumu kama ubao, yana barafu kabisa, na kufikia saa tatu asubuhi yamekuwa laini tena kana kwamba hayakupatwa na lolote.

Nilivyofundishwa ni kwamba mimea hii hujaza sukari katika seli ili maji yasigande, kama dawa inayotiwa katika rejeta ya gari.

Fundi Mstaafu wa Maabara, Mbarara

Ndugu Mwongozaji, ulichokishika kwa mikono yako ni sahihi, lakini maelezo uliyopewa hayalingani nacho, kwa maana jani gumu kama ubao tayari limeganda. Tupige hesabu. Ukiyeyusha moli 1 ya sukari ya kawaida, yaani takriban gramu 342, katika kilo 1 ya maji, kiwango cha kuganda hushuka kwa nyuzi 1.86 tu. Hiyo ni sharubati nzito sana, na bado haitoshi kwa usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri.

Senesio na lobelia za Afrika Mashariki haziikatai barafu, huichagulia mahali. Barafu huanza katika nafasi zilizo nje ya seli, kisha huvuta maji kutoka ndani polepole, na seli husinyaa huku utomvu wake ukizidi kuwa mzito. Barafu ikiingia ndani ya seli, hukata kila kitu na seli hufa. Ikibaki nje, hatari iliyopo ni ya ukame. Hapo ndipo sukari inapofanya kazi yake ya kweli, kwani hushikilia protini na utando visiharibike wakati maji yamepungua. Jua likipanda, barafu huyeyuka na seli hunywa maji yake tena.

Ili barafu ianze mapema na kwa utaratibu, inahitaji cha kuianzishia. Maji safi yasiyo na kianzishi huweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda, kisha yakaganda ghafla. Katika Lobelia telekii, ambayo Mwongozaji anaijua kule Elgon, maji yaliyomo ndani ya bua la maua yana vianzishi vya jamii ya wanga vinavyoyafanya yaanze kuganda mara tu yanapopita sifuri. Kila kilo ya maji inapoganda hutoa kilojuli 334 za joto, ambazo ni sawa na kuyapoza maji hayo hayo kwa nyuzi 80 hivi. Mwalimu, bakuli lako nalo lilifuata kanuni hiyo: barafu ya juu ilipokuwa ikiongezeka unene, ilikuwa ikitoa joto, na maji ya chini yakabaki karibu na sifuri usiku kucha pamoja na kichipukizi chake.

Kule Andes, jamaa za alizeti ziitwazo Espeletia, ambazo kwa umbo zinafanana mno na senesio zetu, zilishika njia iliyo kinyume: maji ya majani yake hushuka chini ya sifuri bila kuganda. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olov Hedberg, alieleza kwamba milima yetu ina kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mmea wa Ulaya hupata wiki nyingi za kujiandaa kwa kipupwe, ilhali wa kwetu lazima uwe tayari kila jioni.

Muuguzi, Fort Portal

Naomba kuongeza neno kuhusu binadamu, kwa sababu wageni wengi hudhani kwamba mwili nao "huzoea" kwa usiku mmoja. Juu ya Margherita, kilele cha Rwenzori, mita 5,109, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Mtu huanza kwa kuhema haraka. Kisha figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini inayohimiza uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Watibeti wengi wana umbo la pekee la jeni EPAS1, walilorithi kwa vizazi, na damu yao haizidi kuwa nzito kama ya mgeni aliyekaa juu muda mrefu. Mgeni anayeumwa kichwa, anayetapika na kuyumba ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Mwalimu wa Baiolojia, Kasese

Asanteni sana. Neno "imezoea" nimeshalifuta katika maandalio yangu ya somo. Ijumaa nitaleta darasani bogoya mbili, moja iliyolala katika friji na moja iliyolala mezani, pamoja na chupa mbili za mafuta, moja ya mawese na moja ya alizeti, zilizokaa katika ndoo ya barafu. Mjomba naye amekubali kubeba kipimajoto safari ijayo, akitumbukize katika bakuli la lobelia jioni, na akisome kila atakapoamka kuchochea moto.