Mdogo wangu anaogopa praktiko ya fizikia, nimsaidieje akiwa nyumbani?

Binti_wa_Ziwani: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, Novemba anafanya mtihani wa NECTA, yaani wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Nadharia ya fizikia anaimudu, ila karatasi ya vitendo inamkosesha usingizi. Shuleni wanafanya kwa makundi, watu kibao kwenye pendulamu moja (kile kizito kinachobembea kwenye uzi). Wavulana wanashika vifaa, yeye anaachiwa kuandika namba. Stopuwochi hajawahi kuishika. Hela ya tuisheni yenye maabara hatuna, na mtoto anataka kwenda PCB (fizikia, kemia na biolojia). Nifanyeje?

Mwl_Mstaafu: Binti, usikate tamaa, muda upo. Karatasi hiyo ina maswali mawili, kila moja alama 25, kwa saa mbili na nusu. Na swali la pendulamu mnaweza kulifanya hapo hapo sebuleni.

Tafuteni uzi na nati ya chuma. Uzi ubanwe kati ya vibao viwili ukingoni mwa meza, usifungwe tu kwenye msumari, maana utachezacheza. Urefu upimwe kuanzia uzi unapobanwa hadi katikati ya nati, usiishie kwenye fundo. Aivute pembeni kidogo, chini ya digrii 10, aiachie bila kuisukuma. Saa ya simu inatosha. Nati ikipita katikati aseme "sifuri" na kubonyeza. Ikirudi pale pale ikielekea upande ule ule, ndiyo "moja". Uzi wa sentimita 100, mara 20 huchukua kama sekunde 40. Akipata 38, ajue amehesabu 19, kosa la wanaoanza na "moja". Wa sentimita 25 utampa kama sekunde 20.

Arudie kwa urefu tano tofauti, achore grafu ya T² dhidi ya urefu kwa mita; T ni sekunde za mzunguko mmoja, yaani zile za mara 20 zigawanywe kwa 20. Mteremko uje karibu na 4. Akigawa 39.5 (yaani 4π²) kwa mteremko huo, apate karibu na 9.8, ambayo ndiyo g, mchapuko wa mvutano wa dunia. Akipata 980, ametumia sentimita.

Kalamu_ya_Risasi: Mwalimu kamaliza. Mimi naongeza grafu, kwa sababu ndiko wenzangu wengi walikoangukia. Skeli iwe rahisi, mraba mmoja mkubwa uwe 1, 2 au 5, kamwe usiwe 3 wala 7. Nukta zienee zaidi ya nusu ya karatasi. Kichwa cha grafu, majina ya mihimili, vizio, vyote viwepo. Asiunganishe nukta moja moja kwa mstari wa kupindapinda! Apige rula mstari mmoja unaopita katikati yao, nyingine juu, nyingine chini. Pembetatu ya mteremko iwe kubwa, na namba zake zisomwe kwenye mstari, zisitoke kwenye jedwali.

Jirani_Kisumu: Huku kwetu Kenya, kwenye mtihani wa kidato cha nne (KCSE), karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya vitendo, hutenga dakika 15 za mwanzo za kusoma maswali. Mwambie mdogo wako ajizoeze hivyo hata kama kwenu hazijatengwa. Asome swali lote kabla ya kugusa kifaa, achore jedwali tupu, ndipo aanze kupima.

Binti_wa_Ziwani: Mwalimu, shikamoo, na asanteni wote. Uzi na nati tunavyo. Je, umeme? Ammita, kile kipima mkondo wa umeme, hatuna kabisa.

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Kwa umeme, nyumbani achore sakiti kwa mkono hadi aizoee: ammita kwa mfululizo, voltimita (kipima volti) sambamba na kinachopimwa, chanya ielekee chanya. Siku yenyewe aunganishe swichi ikiwa wazi, yaani umeme haupiti, na aifungue hivyo tena kila akishasoma. Ikiachwa imefungwa, waya unapata moto, betri inachoka, na namba za mwisho hazilingani na za kwanza. Kabla ya yote atazame kama mshale wa kipimo umekaa kwenye sifuri. Ausome akiwa ameutazama kutoka mbele kabisa, asiusome kwa pembeni.

Lakini hilo la kuachiwa kuandika tu, usilinyamazie. Nenda umwone mwalimu wake wa somo. Mwombe kwa adabu kila mwanafunzi apewe zamu ya kupima, na binti aruhusiwe kubaki maabara na wenzake wawili baada ya vipindi, hata mara moja kwa wiki. Ukiona mwalimu anasita, mpitie mwalimu wa taaluma. Nenda wiki hii, wakati ratiba ya maabara bado ina nafasi.