Mjadala: Kununua kwa dhamiri kunamsaidia mzalishaji, au kunamtuliza mnunuzi tu?

Kikapu: Nembo ya Fairtrade, yaani ya biashara ya haki kwa wakulima, ikiwa kwenye chokoleti haithibitishi kwamba kakao iliyomo ilitoka kwa wakulima wa mpango huo. Kiwanda kinaruhusiwa kuichanganya na nyingine, mradi kisiuze kwa nembo zaidi ya kiasi kilichonunua kwao. Sasa tunalipia nini? Heri kununua vichache vinavyodumu, nguo ziwe za pamba tupu.

Mizani: Unalipia nyongeza inayokwenda kwa ushirika wa wakulima. Kwenye kahawa ni senti 20 za Marekani kwa ratili, juu ya bei, na wanaushirika ndio hupiga kura zitumikeje. Tena kahawa haichanganywi. Vinavyoruhusiwa kuchanganywa ni kakao, sukari, chai na juisi. Usiwavunje watu moyo kwa nusu ya habari.

Sindano: Mimi nimekwama kwenye "pamba tupu". Nani kaipima? Chomoa uzi upindoni kwa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha majivu laini. Poliesta, uzi wa plastiki, hujikunja, huyeyuka, huacha punje ngumu. Ukikuta majivu yenye punje ndani, umeuziwa mchanganyiko.

Kikapu: Watu wanakufa viwandani, wewe unachoma nyuzi! Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka 2013, hapo Dhaka, Bangladesh, zaidi ya elfu walizikwa na vifusi.

Mizani: Ni Savar, nje kidogo ya Dhaka, na waliokufa ni 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, washonaji wakaamriwa warudi kazini. Kilichofuata hakikuwa nembo bali mkataba wa usalama kati ya makampuni na vyama vya wafanyakazi, wenye nguvu ya kisheria. Ukitaka kumbana muuzaji, muulize kama ameusaini.

Upindo: Sindano, kipimo chako kina tundu. Viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani, hutokana na mbao, nayo huungua vilevile kama pamba.

Sindano: Nani kakwambia siijui viskosi? Moto unaibua poliesta. Viskosi inaibuliwa na maji. Chukua nyuzi mbili za unene mmoja, moja kavu, moja iliyoloweshwa, uzivute. Viskosi ikilowa hukatika kirahisi, pamba ikilowa huzidi kukaza.

Upindo: Basi uwaambie pia waondoe kwanza uzi wa cherehani. Mara nyingi huo ni poliesta hata kwenye shati la pamba, na watu watamwita fundi mwizi bure.