Mume wangu hawezi kuzuia haja kubwa na hataki kumwona daktari. Nimwanzieje?

Mleta mada: Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa dhati, na naomba tusicheke, maana jambo hili linamnyima mtu raha ya kuishi.

Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa fistula ya njia ya haja kubwa, yaani kijitundu kinachotoka ndani ya njia hiyo hadi kwenye ngozi ya nje. Kidonda kilipona, ila tangu hapo choo kinavuja kidogo kidogo bila yeye kuhisi, hasa akishatoka msalani. Nguo zake za ndani anafua mwenyewe usiku. Mikusanyiko anaikwepa, safari ndefu hataki hata kuzisikia. Nikitaja daktari, ananijibu kuwa hayo ni matatizo ya wanawake waliozaa.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nimeyapitia. Nilichanika vibaya uzazi wa kwanza, nikawa siwezi kuzuia hata hewa. Lakini mkunga ndiye aliyeniuliza, nikajibu, nikafundishwa mazoezi, nikapata nafuu. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza.

Muuguzi mstaafu: Pole sana dada. Umegusa penyewe. Ukipima watu mitaani, wanaume na wanawake wenye shida hii hawapishani sana kwa idadi. Ukija kliniki, wengi ni wanawake. Mwanamke ana milango mingi ya kuingilia: ujauzito, uzazi, uzazi wa mpango. Mwanaume hana, mpaka aamue mwenyewe kufungua kinywa.

Na hali yake ina maelezo. Kwenye njia ya haja kubwa kuna msuli wa ndani unaojibana wenyewe muda wote, na wa nje tunaoubana kwa hiari. Upasuaji wa fistula au bawasiri ukiugusa ule wa ndani, choo huvuja bila taarifa. Wa nje ukilegea, mtu huhisi haja lakini hawahi msalani. Mwambie mumeo kuwa daktari atataka kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Baba wa watatu: Mimi yalinipata baada ya mionzi ya tezi dume. Nilikaa kimya muda mrefu, nikiona kutamka neno "kinyesi" mbele ya daktari kijana ni kujivunjia heshima. Mke wangu hakunisukuma. Aliniambia niandike kila kitu kwenye karatasi: lini kinavuja, kigumu au chepesi, nimekula nini. Nilimkabidhi daktari ile karatasi, akasoma, akaanza kuniuliza kwa upole. Sikulazimika kutamka lolote kwanza. Jaribu hiyo, shemeji.

Mama Wawili: Naomba tusiseme wanawake wote wanakwenda. Mimi niliambiwa na wakubwa zangu kuwa ndiyo malipo ya kuzaa, nikaamini. Hedhi ilipokoma hali ikazidi, ndipo nikaenda. Mwanaume anaficha kwa kuona si ugonjwa wake, sisi tunaficha kwa kuona ni kawaida yetu. Dada, mweleze yaliyokupata wewe, yote, hata yale ambayo hukumwambia wakati ule.

Mleta mada: Asanteni mno. Wazo la karatasi nadhani atalikubali. Swali: anaweza kuanza na vidonge vya kufunga kuhara wakati tunasubiri?

Muuguzi mstaafu: Asianze kabla ya kupimwa. Wakati mwingine choo kigumu kimejaa na kuziba, na kinachovuja ni kile chepesi kinachopita pembeni yake. Hapo vidonge vitaongeza tatizo. Kwa sasa apunguze kahawa kama anakunywa, ajisafishe kwa maji bila sabuni kali, ajikaushe na apake mafuta mazito kulinda ngozi. Pedi ndogo nayo inasaidia.

Akiona damu, akipungua uzito bila sababu au choo kikibadilika ghafla, asichelewe. Na ganzi ikimshika sehemu za siri au makalioni, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, mpeleke siku hiyo hiyo, usiku au mchana.