Mrejesho: Mazoezi ya mama nyumbani baada ya kuwekewa goti bandia

Assalam alaikum. Wiki 6 zilizopita niliuliza kama mama yangu, aliyewekewa goti bandia, angeweza kufanyia mazoezi nyumbani kwetu Kisauni badala ya kupanda matatu kila mara kwenda kliniki. Nawashukuru nyote mlionijibu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huja mara mbili kwa wiki, na siku nyingine mimi ndiye msimamizi. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuuondoa mto niliokuwa nikiuweka chini ya goti, akaeleza kuwa goti likizoea kukaa limekunjika huwa gumu kunyooka kabisa. Sasa tunaweka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, na mama hulikandamiza goti kitandani huku akihesabu hadi tano. Zoezi la kuburuta kisigino kitandani kuelekea makalio ili goti likunjike lilimliza siku za mwanzo, nami nilikaribia kumruhusu aache, mpaka tukaona kwamba akimeza dawa yake ya maumivu nusu saa kabla, hustahimili. Juzi goti lilikunjika nyuzi 95. Jana alishuka ngazi za baraza kwa mkongojo, akitanguliza mguu uliopasuliwa kama alivyofundishwa, akaketi na jirani zake. Jioni goti bado huvimba, hivyo tunalikanda kwa barafu iliyofungwa ndani ya leso kwa dakika 15.